GANDHI, MTU WA KAZI BILA KUSHIKA MATUNDA



Mara mingi katika kurasa hizi mumesoma maisha ya wamisionari na ya wakubwa wa Afrika. Safari hii sisi wa kilasi cha sita tumechagua mtu ambaye hakuwa Mukristo, na tunajua wengine watashangaa. Wahindi tunawaona katika maduka ya muji wa Kolwezi na katika filme, wakiimba na kucheza katikati ya mashamba. Lakini mambo ya dini yao hatuyajui. Ukiuliza kwenye lupango utaambiwa tu kwamba hawakuli nyama ya ng'ombe, basi. Mtu tunayemuleta leo ni Mohandas Karamchand Gandhi. Tumemuchagua juu ya jambo lililotokea hapa kwetu siku ya salongo, na jambo hilo tutalieleza mbele kidogo, sababu linatugusa sisi makapita kuliko wengine.

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika muji wa Porbandar, kando ya bahari, upande wa magaribi wa inchi ya Uhindi. Baba yake alikuwa waziri wa mtawala wa pale. Mama yake, Putlibai, alikuwa mama wa kufunga na kusali sana. Walimuoza angali na miaka 13, na bibi yake Kasturba alikuwa mtoto kama yeye. Shuleni hakuwa wa kwanza. Alikuwa na haya nyingi: kengele ikilia anakimbia mbio nyumbani ili mtu asimusemeshe njiani. Wale wetu wanaokaa nyuma ya kilasi bila kufungua kinywa, wasikie hilo.

Mwaka wa 1888 alivuka bahari kwenda London kusomea kazi ya avoka. Kule ndugu wawili walimuomba asome pamoja nao kitabu cha Wahindu kinachoitwa Bhagavad Gita. Alipata haya, kwani yeye Muhindu hakuwa amekisoma hata siku moja. Basi akakisoma kwa mara ya kwanza katika Kiingereza, mikononi mwa wageni. Sisi pia tunajua watoto wa Kolwezi wanaojua hadithi za Ulaya kuliko mezali za bababu zao.

Sasa tusimame kidogo kwenye kitabu hicho, sababu bila hicho maisha ya Gandhi hayaeleweki. Gita ni kipande cha hadithi ndefu ya vita, Mahabharata, na ina sura 18 na mistari karibu 700. Mupiga vita mmoja, Arjuna, anafika kwenye uwanja wa vita na kuona upande wa pili wajomba wake, walimu wake na ndugu zake. Nguvu zinamuisha, upinde unamutoka mkononi, anakataa kupigana. Anayeendesha gari lake la farasi ni Krishna, ambaye kwa Wahindu ni Mungu aliyejifanya mtu. Krishna anamufundisha kwamba mtu asiache kazi inayomupasa, lakini asiifanye kwa kufuata faida itakayomurudilia. Kama anashinda ao anashindwa, kama watu wanamusifu ao wanamucheka, afanye kazi sawasawa na matunda amuachie Mungu. Tena, asikae bule akitoa sababu kwamba matunda si yake. Njia hiyo Wahindu wanaiita karma yoga, maana yake njia ya kazi.

Tulijiuliza namna gani mtu aliyechukia kumwaga damu alipenda kitabu cha vita. Yeye alieleza kwamba uwanja ule wa vita ni moyo wa mtu, na maadui ni tamaa na hasira. Wahindu wengine hawakukubali maelezo hayo, na kutokukubali kwao kutaonekana tena mwishoni mwa maisha yake.

Kule London alisoma vilevile Injili, na mahubiri ya Yesu juu ya mulima yaliingia moyoni mwake na hayakutoka tena. Baadaye, katika Pretoria, Waprotestanti walimuchukua kwenye makutano yao na kumuombea sana ageuke. Aliwapenda, akasali pamoja nao, akabaki Muhindu. Tunaandika hivi namna ilivyokuwa.

Alirudi Uhindi mwaka wa 1891, lakini kazi ya avoka ilimushinda. Siku yake ya kwanza mbele ya tribinali katika Bombay alisimama, kichwa kikamuzunguka, akakaa chini bila kusema neno, akarudisha pesa ya mutu aliyemulipa. Mwaka wa 1893 kampuni moja ya Wahindi Waislamu ilimuita Afrika ya Kusini kwa kesi ya biashara, kontrata ya mwaka mumoja. Meli yake ilipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar. Maana yake aliweka miguu kwenye pwani ya wenye lugha hii tunayoandika nayo. Pale Lamu alikawia na karibu meli imuache, sababu maji yalikuwa na nguvu na mashua yake haikuweza kusogea.

Habari ya treni wengi munaijua. Mwezi wa Juni 1893, katika gare ya Pietermaritzburg, walimutoa katika vagoni ya darasa la kwanza juu ya rangi yake, na tikete yake ilikuwa mkononi. Alikaa usiku wote kwenye baridi akiwaza kama arudi kwao ao abaki. Alibaki. Ile kontrata ya mwaka mumoja ikazaa miaka 21.

Lakini sisi hatukutaka kuandika sana juu ya treni. Tulitaka kuandika juu ya choo.

Mwaka wa 1898, katika nyumba yake ya Durban, vyumba havikuwa na njia ya maji machafu; kila chumba kilikuwa na chombo chake cha usiku. Gandhi alikuwa ameshika neno kwamba mtu asimuachie mwingine uchafu wake, na kwamba wenye nyumba watumikie wageni. Mumoja wa makarani waliokaa pale alikuwa Mukristo, mtoto wa wazazi wa kabila lile ambalo Wahindu wengine walikataa hata kuligusa. Kasturba alikubali kubeba vyombo vya wengine, lakini chombo cha yule kilimukalia nguvu. Alikibeba akishuka ngazi, machozi yakimutoka. Gandhi alipomuona hakumuhurumia. Alikasirika, sababu alitaka abebe na furaha! Alipiga kelele, akamushika mkono na kumuvuta mpaka kwenye mulango wa lupango ili amutoe inje, katika inchi ya ugeni ambapo mama yule hakuwa na baba wala kaka. Kasturba alimuuliza kama hana haya. Gandhi akafunga mulango ule, na miaka mingi nyuma akaandika yeye mwenyewe habari hiyo kitabuni, bila kujificha.

Hapa tunaingiza habari yetu. Makapita ndio tunaandika liste ya salongo kila siku ya posho: nani atafagia, nani atakata majani, nani atakosha vyoo. Kwa vyoo tulikuwa tunaweka majina ya waliochelewa na ya wadogo wa darasa za chini. Sisi tulisimama kwenye kivuli na firimbi. Siku moja mutoto mumoja mwenye ndoo mbili za maji alituuliza, na heshima yote, ni juma gani majina yetu yalikuwa kwenye liste. Hakuna aliyejibu. Kisha mumoja wetu akamupa choo cha pili. Tulicheka, na jioni kicheko kiliisha.

Mwezi wa Desemba 1901 Gandhi alikuwa Calcutta, kwenye mukutano mukubwa wa chama cha Congress. Wakubwa walifika kutoka inchi yote, na vyoo vilikuwa vichache, vinanuka kupita kiasi. Gandhi aliwaonyesha vijana wa kazi. Wakamujibu kwamba hiyo ni kazi ya wafagiaji. Akaomba mufagio, akakosha choo. Kiisha akaenda kuomba kazi kwa sekretere wa mukutano, akapewa rundo la barua za kujibu, na pamoja na barua akawa anamufungia bwana yule vifungo vya shati. Alikuwa avoka tayari, mwenye jina katika Natal.

Mwaka ule ule, mbele ya kuondoka Durban, watu walimupa zawadi za kumushukuru kwa kazi yake: vitu vya zahabu, vya feza, almasi, na mukufu wa zahabu kwa Kasturba. Hakulala usiku ule. Kama amepokea mushahara, kazi yake haikuwa tena ya bule. Asubuhi aliita watoto wakamuunga mukono, kiisha wakamuzunguka mama yao. Kasturba alikataa. Alisema zawadi hizo zitafaa bibi za watoto wao, tena kazi ile haikuwa ya bwana peke yake. Na yeye alihenyeka mchana na usiku kupikia na kutumikia wageni wake. Sisi tunaona mama yule alikuwa na haki. Mwishoni mali yote iliwekwa benki kwa matumizi ya Wahindi wote, na Gandhi alishangilia. Lakini kutoa matunda ya kazi yako ni jambo moja. Kutoa matunda ya kazi ya mwingine ni jambo jingine. Sisi makapita tunajua vizuri namna ilivyo rahisi.

Karibu na mwaka wa 1903, katika Johannesburg, alirudia Gita kwa nguvu. Hakuwa na saa ya kusoma, basi alibandika mistari kwenye ukuta, na kila asubuhi akisugua meno kwa dakika 15 anaishika kwa kichwa. Kwa namna hiyo alishika sura 13. Wa-finaliste wanaolia kwamba saa ya kurudilia masomo hakuna, wajaribu ukuta wa mahali pa kuogea. Ni wakati huo aliacha kulipa asiransi ya maisha yake, kwani aliona anawafanya bibi na watoto wamutumainie mtu wa asiransi kuliko Mungu.

Mwaka wa 1904 rafiki alimupa kitabu cha Muingereza John Ruskin kwenye treni ya Johannesburg kwenda Durban. Kichwa cha kitabu kimetoka katika mufano wa Yesu wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Matayo 20, ambao wa mwisho walilipwa sawa na wa kwanza. Alikisoma usiku wote. Mwaka ule ule akanunua shamba la Phoenix, karibu na Durban, ambapo wenye kupiga chapa gazeti, avoka na mulimaji walipata posho sawa na wote walishika jembe. Mwaka wa 1910 rafiki yake Hermann Kallenbach alitoa shamba jingine kubwa, wakaliita Tolstoy. Kule Gandhi alifundisha watoto na kushona viatu. Alimushonea hata Jenerali Smuts, yule aliyemutia buloko, makandambili ya ngozi.

Tusifiche jambo moja. Katika miaka yake ya kwanza Afrika ya Kusini, Gandhi aliandika maneno mabaya juu yetu watu weusi. Alitaka Wahindi wasihesabiwe pamoja na sisi. Katika posta ya Durban aliomba mulango wa Wahindi ulio mbali na ule wa Waafrika. Juu ya hiyo, chuo kikuu cha Ghana kiliondoa sanamu yake mwezi wa Desemba 2018, miaka miwili tu nyuma ya kuisimamisha. Tulibishana sana kama tuandike maisha yake hata hivi. Wengine wetu walikataa. Tulikubali sababu ya mwaka wa 1906: wakati wa vita juu ya Wazulu, Gandhi alikwenda na Wahindi kama ishirini hivi kubeba wagonjwa kwa upande wa Waingereza, na kazi waliyopewa ilikuwa kukosha vidonda vya Wazulu waliopigwa fimbo, ambavyo Wazungu walikataa kugusa. Aliona pale namna vita ile ilivyokuwa kuwinda watu. Miaka ilivyopita maneno yake juu ya Waafrika yaligeuka. Yalikuwa yameandikwa, na hayafutiki. Kila mumoja ahukumu.

Jambo jingine lilitugawanya. Kama kazi ni bila kuangalia matunda, basi mufanyakazi wa mine asidai mushahara? Hapa Kolwezi swali hili si la kucheza nalo. Kuna baba zetu waliofanya miezi na miezi bila kulipwa, na sisi tulifukuzwa shuleni juu ya pesa ya masomo. Mtu akituletea mafundisho ya kufanya kazi bila kutazama faida, tunamuuliza kwanza nani anakula faida hiyo.

Jibu tulilipata katika mwaka wa 1913. Katika Natal, Wahindi waliomaliza kontrata ya kazi walilazimishwa kulipa kodi ya paundi 3 kila mwaka, mzigo wa kuwavunja mugongo. Wachimbaji wa makaa ya mawe ya Newcastle waliacha kazi. Gandhi hakuwaambia warudi mine wakafanye kazi na moyo safi. Tarehe 6 Novemba aliwaongoza kwa miguu, zaidi ya watu 2,000, pamoja na wanawake na watoto, kuvuka mupaka wa Transvaal ambao sheria iliwakataza kuvuka. Posho yao ilikuwa mukate wa ratili moja na nusu kwa siku na sukari kidogo tu. Gandhi alikamatwa mara tatu katika siku nne. Wachimbaji walirudishwa, na mine zenyewe zikafanywa buloko. Lakini mugomo ulienea mpaka mashamba ya miwa, na mwaka wa 1914 kodi ile ikafutwa kwa sheria. Basi mtu anaachilia tunda lake mwenyewe. Tunda la jirani aliyenyang'anywa anatembea kulitafuta.

Gandhi alirudi Uhindi mwezi wa Januari 1915. Kazi yake ya kule munaisoma katika vitabu vya historia, tutapita mbio. Aliwasaidia walimaji wa Champaran mwaka wa 1917. Mwezi wa Februari 1922, wakati watu wake walipochoma posta ya polisi ya Chauri Chaura na polisi 22 wakafa, alisimamisha mapigano yote ya inchi, ijapokuwa wakubwa wenzake walilia kwamba ushindi ulikuwa karibu. Tarehe 12 Machi 1930 alitoka na watu 78 kwa miguu kwenda bahari ya Dandi kuokota chumvi, juu Waingereza waliitoza kodi na kukataza watu kujitengenezea. Karibu kilometa 390, siku 24, mzee wa miaka 60. Ni zaidi ya njia ya kutoka hapa mpaka Lubumbashi. Siku ile ile ya kuondoka, Gita aliyoigeuza katika lugha ya mama yake, Kigujarati, ilitolewa. Kasturba alikufa tarehe 22 Februari 1944, wakiwa wote wawili wafungwa.

Tarehe 15 Agosti 1947 Uhindi ilipata uhuru, ikikatwa vipande viwili, Uhindi na Pakistani. Katika Delhi walipandisha bendera. Gandhi hakuwa pale. Alikuwa Calcutta, katika nyumba ya Muislamu, akifunga na kusokota uzi, ili Wahindu na Waislamu wa kartie zile wasichinjane. Hilo ndilo lilitugusa zaidi ya chumvi na treni. Alikuwa amefanya kazi miaka 30, na siku ya mavuno hakwenda shambani.

Nasi tulifanya nini? Tulibishana siku tatu. Wengine walisema heshima ya kapita itaisha siku watoto watamuona na ndoo. Mwishoni majina yetu yaliandikwa kwenye liste, kwa vyoo vya nyuma. Siku ya posho ya kwanza tulikosha na nguvu zote, na kila mara tukageuza kichwa kuangalia kama bwana prefe anapita. Alipita. Tulifurahi. Ni mumoja wetu, akiwa na mufagio mkononi, aliyesema kwamba tumekwisha kula matunda mbele ya kumaliza kazi. Juma lililofuata prefe hakupita, na tunakiri kwamba choo kimoja hakikukoshwa vizuri. Yule mutoto wa ndoo mbili hatujamuomba musamaha mbele ya watu. Tunamuomba hapa kwenye karatasi.

Gandhi aliuawa jioni ya tarehe 30 Januari 1948 katika Delhi, akitembea kwenda kwenye maombi, na miaka 78. Aliyemupiga risasi, Nathuram Godse, hakuwa Muislamu wala Muingereza. Alikuwa Muhindu, na mbele ya waamuzi alitaja vita ile ile ya Arjuna ili kuonyesha kwamba alikuwa na haki ya kuua. Vitu alivyoacha Gandhi vilikuwa vichache: saa, miwani, makandambili, bakuli.

Sehemu ya majivu yake ililetwa Afrika mwaka ule wa 1948 na kumwangwa Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka katika ziwa Victoria. Sanamu yake iko pale tangu 1997. Munajua kwamba Livingstone alikufa mwaka wa 1873 akifikiri Lualaba yetu ndiyo mwanzo wa Nile. Alikosea. Maji yetu yanapita Bukama na Kongolo mpaka Kisangani na kuwa muto Kongo, na majivu yale yalikwenda zao upande wa Sudani na Misri.